Barabara gani Tanzania ina mandhari kali zaidi kwa anayeendesha mwenyewe, Kaskazini au Kusini?

Usukani Mwepesi

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeshagawanyika kambi mbili. Mwezi wa saba nina likizo kama wiki mbili hivi, tupo Dar, mimi na mama watoto na watoto wawili wa shule ya msingi. Gari ni Rav4 ya zamani, iko vizuri haina shida ila sio gari ya kwenda kutesana nayo porini.

Safari hii hatutaki mbuga wala biichi, tunataka barabara yenyewe ndo iwe utalii. Yaani unaendesha taratibu unaangalia milima, mashamba ya chai, mabonde, ukiona pazuri unasimama watoto wanashuka wanapiga picha wanakula mahindi ya kuchoma mnaendelea. Waifu anataka kaskazini, Lushoto, Moshi, Arusha mpaka Karatu. Mimi roho iko Iringa, Mbeya hadi Ziwa Nyasa, tatizo kule nilipita na basi la usiku kwa hiyo ukiniuliza kuna nini nitakwambia kuna taa za malori.

Wenye uzoefu mtuambie ukweli, wapi panashinda? Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia panda ndege.

Dogo wa Uyole

Mkuu hilo swali mbona lina jibu moja tu. Kusini. Nakubali naongea kama mzawa lakini nisikilize.

Ukitoka Moro ukaipita Doma unaingia Mikumi, barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50 na hulipi kiingilio kwa sababu unapita tu. Hapo watoto wataona twiga, pundamilia, swala, nyani wasiokuwa na adabu, na ukipita jioni au asubuhi sana tembo wanakuwa karibu na lami. Usishuke kwenye gari na usikimbize, kuna vibao vya spidi na ukigonga mnyama unalipa, na hawalipishi bei ya mbuzi. Kwa hiyo mbuga mtakuwa mmeiona bila kuitaka 😂

Ukitoka Mikumi mjini unaanza kuingia kwenye bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, mto Ruaha Mkuu uko pembeni yako na upande wa pili milima ya Udzungwa imesimama, mibuyu mpaka unachoka kuhesabu. Hapo ndo pa vitunguu, vimefungwa kwenye nyavu nyekundu vimepangwa barabarani. Usinunue wakati wa kwenda utanuka kitunguu mpaka Kyela, nunua wakati wa kurudi. Halafu Kitonga, unapanda unapanda ukiangalia chini unaona ulikotoka, malori yamekuwa kama sisimizi. Juu Ilula nyanya, Iringa baridi, hapo mlale. Kesho yake kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya kuna Isimila, zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, pembeni yake wamekuta zana za mawe za watu wa kale. Watoto watapenda.

Mafinga misitu ya Sao Hill miti imejipanga kama gwaride, Makambako upepo tu, mpaka Uyole. Sasa Uyole usinyooke Mbeya mjini, kata kushoto uelekee Tukuyu. HAPO NDO SAFARI INAANZA. Kutoka Uyole mpaka Tukuyu ni kama kilomita 60 tu lakini mimi siku zote nikimpeleka mgeni tunatumia karibu siku nzima. Mlima Rungwe uko kushoto karibu mita 3,000, migomba, chai, viazi, parachichi, kila kona ni kijani mpaka macho yanauma. Kiwira kuna Daraja la Mungu, mwamba wenyewe umejijenga daraja juu ya mto, na jirani yake Kijungu, maji yanazama kwenye shimo. Ziwa Ngosi lipo juu ya mlima ndani ya kreta ila pale ni kutembea kwa miguu na njia inapanda kweli, watoto wa la pili sidhani kama watakushukuru.

Ukitoka Tukuyu unashuka Kyela joto linarudi, mpunga na kakao, halafu unaenda Matema. Siku hizi ni lami. Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, hakuna picha itakayokuonyesha ilivyo. Kaskazini kuna mlima mmoja na mawingu yake.

Binti wa Soni

"Mlima mmoja na mawingu yake" 😂😂 kaka Uyole umeanza vibaya, mshukuru mimi ni mstaarabu.

Mtoa mada mimi nitamtetea mama watoto. Lushoto ina kitu ambacho huko kwenye TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, hakipo, nacho ni barabara ndogo. Ukikata pale Mombo unaacha joto na mabasi ya Arusha, unaanza kupanda kwa kona kilomita kama 33 hivi mpaka mjini, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine korongo na mto chini kabisa, ni njia iliyochongwa tangu wakati wa Mjerumani, mji wenyewe walikuwa wanauita Wilhelmstal. Katikati ya njia ni Soni kwetu, kuna maporomoko ya maji yanaonekana ukiwa barabarani, simama ununue plamu na pichi kama msimu upo, mwezi wa saba hutapata ila karoti na njegere hazikosi.

Kona ya Soni inataka honi. Piga honi kabla hujaingia, Kosta zinashuka zikiwa katikati ya barabara na dereva anaongea na konda. Ukisikia honi ya mwenzako subiri, sio mashindano. Na wakati wa mvua kubwa mawe yanashuka kutoka juu, ila mwezi wa saba ni mkavu usiogope.

Ukifika Lushoto nenda Irente, vumbi kidogo, unasimama ukingoni mwa mlima unaiona nyika yote ya Mazinde chini kama zaidi ya mita elfu moja hivi, barabara uliyokuja nayo inaonekana uzi. Pana jibini na jamu zinatengenezwa hapo hapo, watu wanakula huku wanaangalia. Halafu kama gari yako ni nzima endelea Magamba msituni mpaka Mtae. Hiyo ni vumbi, kona kona, mashamba ya kabichi yamening'inia kwenye miteremko hata hujui mkulima anasimamaje. Mtae kijiji kiko juu ya mgongo wa mlima, pande zote mbili hakuna kitu, ni bonde tu, siku ya anga safi unaona mpaka Mkomazi.

Halafu jambo moja wanaume huwa hamlisemi, Dar mpaka Lushoto unalala huko huko siku hiyo hiyo ukitoka alfajiri. Dar mpaka Tukuyu na watoto wadogo ni siku mbili kwenda tu na siku mbili kurudi.

Mzee wa Semi

Vijana nimesoma wote. Mimi nimeendesha semi kutoka Dar kwenda Tunduma na Lubumbashi miaka mingi mpaka nikastaafu, nitasema kitu kimoja. Barabara nzuri kwa abiria sio barabara nzuri kwa dereva. Huyu ndugu anaendesha mwenyewe. Kitonga nzuri, sikatai, lakini dereva Kitonga haoni kitu. Anaona tela la lori la Kongo mbele yake linapanda mwendo wa mtu mzee, na nyuma kuna basi linamulika taa linataka kuovateki kwenye kona. Mandhari wanayaona mama na watoto.

Kwa hiyo Kitonga ipande asubuhi kabla ya saa mbili, malori mengi yanakuwa bado yameegeshwa. Usiovateki, hata kama lori ni moja tu, kaa nyuma acha nafasi, likisimama ghafla likarudi nyuma uwe na pa kukimbilia. Wakati wa kurudi unashuka, na hapo ndo watu wanakufa, Rav4 yako ni otomatiki toa D weka 2 au L kabla hujaanza kushuka, acha injini ishike gari, breki unagusa unaachia. Ukiikanyaga mfululizo itanuka, ikianza kunuka simama pembeni palipo pana usubiri ipoe, usiimwagie maji.

Sasa kama unataka barabara ambayo na dereva anafaidi, hii hapa. Makambako kata kushoto uende Njombe mpaka Songea, halafu Songea mpaka Mbinga na Mbinga mpaka Mbamba Bay. Yote lami, kipande cha mwisho cha kilomita 66 ni kipya kabisa kimeisha juzi juzi. Zamani kile kipande mvua ikinyesha unalala njiani na lori lako, leo watu wanapita na Vitz. Magari machache mno. Mbinga ni milima ya Wamatengo, mashamba yao wanayalima kwa mashimo mashimo wanaita ngoro, ukiona kwa mbali mlima mzima umekuwa kama sega la nyuki, ni kilimo cha zamani sana cha kuzuia udongo usiondoke na maji. Kahawa kila mahali. Halafu unatokeza kona moja, ziwa hilo lote mbele yako na milima ya Malawi ng'ambo, unashuka mpaka mchangani. Mimi nimeona barabara za nchi nne na hiyo ndo naiweka ya kwanza.

Na kama huna haraka usirudie njia. Kutoka Songea nyoosha Namtumbo, Tunduru, Masasi, utokee Lindi na Kilwa urudi Dar, ni lami. Namtumbo mpaka Masasi ni pori refu, jaza mafuta Songea na ujaze tena Tunduru usisubiri taa iwake. Masasi kuna majabali yamesimama mjini hutaamini. Ila kipande cha Somanga kwa huku Kilwa mvua za mwaka 2024 ziliikata barabara kabisa, kwa hiyo kabla hujaamua kupita uliza madereva wa mabasi ya Mtwara hali ikoje.

Dogo wa Uyole

Mzee shikamoo. Mbamba Bay nakubali sijafika kwa hiyo nanyamaza.

Mgogo Mtembezi

Nyie wote mnapigana kusini na kaskazini, katikati mmeiruka kama kawaida yenu.

Mkuu sikia, kuna mzunguko mmoja unamaliza ugomvi wa nyumbani kwako. Dar – Dodoma – Kondoa – Babati – Arusha – Moshi – Lushoto – Dar. Hurudii njia hata sehemu moja isipokuwa kupanda na kushuka Mombo–Lushoto na pale Chalinze kuja mjini. Dodoma mpaka Babati ni lami tangu 2018, kilomita kama 250, na polisi wachache wachache sio kama barabara ya Moshi. Watu wanadhani Dodoma ni vumbi tu na zabibu. Pita Kondoa uone, unaingia Kolo kwenye michoro ya miambani, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ofisi iko barabarani, unachukua mtu wa kukuongoza, ila njia ya kupanda kwenye miamba yenyewe inataka gari ya juu, Rav4 taratibu itafika kama kukavu. Kutoka hapo unapanda Bereko baridi inaanza, misitu, halafu unashuka kuelekea Babati, ziwa hilo na viboko wake na mlima Kwaraa juu yake.

Babati ukiwa na siku moja ya ziada chepuka barabara ya Singida mpaka Katesh, uende na kurudi. Mlima Hanang mita 3,417 umesimama peke yake kwenye tambarare, hauna jirani, ng'ombe wa Wabarbaig chini yake na ziwa Balangidalalu limekauka nusu limekuwa jeupe kwa magadi. Ni mji ule uliopata maporomoko ya tope Desemba 2023, kwa hiyo watu wamepitia mengi, ukisimama nunua kitu kwa wenyeji.

Babati kwenda Makuyuni ukiangalia kushoto unaona ukuta wa Bonde la Ufa na ziwa Manyara. Waifu akitaka Karatu unakata kushoto Makuyuni, Mto wa Mbu mnakula ndizi nyekundu, unapanda ule ukuta na juu kuna sehemu ya kusimama kuangalia ziwa lote. Usiende mbele ya geti la Ngorongoro kama hujapanga kulipa, geuza Karatu.

Binti wa Soni

Huyu Mgogo katoa hoja. Na ameimaliza Lushoto, kwa hiyo nampa kura.

Niongezee tu, Kilimanjaro msiisubiri saa sita mchana. Inaonekana alfajiri mpaka saa mbili hivi na jioni jua linapokaribia kuzama, katikati ya siku imejifunika. Mkilala Moshi amkeni saa kumi na mbili mzunguke Marangu mpaka Rombo Mkuu na Tarakea, lami nyembamba migombani, mlima uko kushoto kwako muda wote, Mawenzi inaonekana kwa karibu kuliko Kibo.

Mtaita Original

Jirani wenu kutoka ng'ambo hapa. Mkifika huko Rombo na Holili mkiwa na karatasi za gari sawa, vukeni mje mpaka Voi. Barabara ya Taveta–Voi ni lami safi imepita katikati ya Tsavo West, ndovu wanavuka barabara vile wanataka, nyuma kwa kioo unaiona Kilimanjaro yote. Mkiwa Mwatate pandeni Wundanyi, kona zake hata huyo binti wa Soni ataheshimu. Lakini bima ya gari iwe ya kuvuka mpaka, hiyo yenu ya ndani haitambuliki huku.

Usukani Mwepesi

Wakuu asanteni sana, sikutegemea. Mzee wa Semi shikamoo, hiyo ya L na 2 nimemsomea waifu akasema nisipofuata anashuka Ruaha Mbuyuni anabaki na vitunguu.

Uamuzi ulipofikia ni kwamba mwaka huu tunaenda kusini kwa sababu mimi ndo ninayeendesha 😂 na mzunguko wa Mgogo tunauweka Desemba shule zikifungwa. Maswali mawili. Moja, nimesikia kuna barabara ya kona 57 kwenda Kitulo, Rav4 inapanda? Mbili, baridi ya mwezi wa saba kule ikoje, maana watoto wa Dar hawa wakiona nyuzi joto 22 wanatafuta sweta.

Dogo wa Uyole

Hiyo ni ya Chimala kwenda Matamba, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba. Ni ya vumbi na mawe, inapanda ukuta wa mlima kwa kona za kurudi nyuma moja juu ya nyingine, ukiangalia chini unaona tambarare ya Usangu yote na mashamba ya mpunga. Kukavu Rav4 inapanda, nimeona hata Noah zinapanda na abiria tisa. Mvua ikinyesha usijaribu. Ila kwa mwezi wa saba nakuambia ukweli Kitulo maua hamna. Ile Bustani ya Mungu mnayoona kwenye picha ni kuanzia Desemba mpaka Aprili wakati wa mvua, mwezi wa saba ni majani na upepo kwenye mwinuko wa mita 2,600, pazuri kwa aina yake lakini watoto watakuuliza maua yako wapi.

Kama unataka kona bila mateso, toka Mbeya mjini chukua barabara ya Chunya, lami, unapanda Loleza mpaka pale wanapoita Mwisho wa Dunia, unasimama unaiangalia Usangu kutoka upande mwingine. Nusu siku inatosha.

Baridi, mzee, sio mchezo. Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Bebeni makoti kweli sio sweta za ofisini, na loji ukiingia uliza kwanza kama maji ya moto yapo, uyaone yakitoka, ndo ulipe.

Mzee wa Semi

Njombe mpaka Makete lami imefika siku hizi, kwa hiyo kama anataka kuona nchi ya juu bila Hamsini na Saba apite hapo, misitu ya mipaini na mabonde. Alale Njombe. Atoke saa tatu ukungu ukishapanda, sio saa kumi na mbili. Ukungu wa Njombe unaweza kuendesha huoni boneti yako, na wenyeji hawawashi taa.

Na tochi za trafiki za kupima spidi. Ukiona kibao cha 50 ni 50, sio 56. Faini elfu thelathini kila mara, na kuanzia Igawa mpaka Uyole vijiji vimefuatana. Kibao cha kumaliza 50 kikiwa kimeng'olewa wewe endelea na 50 mpaka nyumba ziishe.

Kapteni IST

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nina IST, nayo inafika Matema au ndo mpaka niwe na Rav4?

Dogo wa Uyole

Inafika bila tatizo, Uyole mpaka Kyela lami, Kyela kupita Ipinda mpaka Matema lami. Jitahidi ufike Ijumaa jioni, Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo wa miguu tu kutoka Matema ukiifuata pwani ya ziwa. Kina mama wa Kikisi wanakuja na mitumbwi kutoka Ikombe imejaa vyungu, vile vyekundu vyenye nakshi nyeupe unavyoviona vinauzwa Mbeya na Dar kwa bei mara tatu. Ukinunua vifunge kwa majani ya migomba watakupa wenyewe, na usiweke kwenye buti la IST chini ya spea, weka siti ya nyuma ufunge mkanda.

Kapteni IST

Asante sana mkuu. Mzee wa Semi na wewe, ile ya L kwa IST ni B au S? Yangu imeandikwa B.

Mzee wa Semi

B ndo hiyo hiyo. Weka kabla ya kuanza kushuka, sio katikati ya mteremko.